Madawati Yaleyale, Mara Mbili

Nilimuuzia madawati yaleyale mara mbili, na mara zote mbili nilitoka na hasara. Sisemi haya kwa kujisifu. Mimi nimekulia Mwanjelwa, Mbeya, kwenye mitumba. Nimewahi kumuuzia mtu koti lake mwenyewe alilolisahau juu ya meza yangu, akanishukuru na kuomba mfuko. Kwa hiyo nikikwambia kuna mwanamke aliyenibana mara mbili kwa mzigo uleule, ujue nimepiga hesabu, nikairudia, na jibu limekuwa lilelile.

Sote tulimwita Mwalimu Mkuu. Alikuwa na jina, lakini lilitumika kwenye barua nyingi sana ambazo hazikumsaidia, basi nitaliacha huko huko. Kaunti nayo sitaitaja: wao wana mawakili, mimi nina gari lenye mlango mmoja usiofunguka. Inatosha kusema ukitoka Washington ukaelekea kusini, ukaipita Upper Marlboro, ukaendelea mpaka redio ianze kukoroma, utakuta vijiji vya mashamba ya zamani ya tumbaku. Duka langu la vitu vilivyotumika liko Hyattsville, ila kodi ya vyumba viwili Hyattsville ilikuwa inataka dola pamoja na figo, ndiyo maana nilimchukua binti yangu Neema tukahamia huko shamba. Wenyeji ni Wamarekani weusi ambao mababu zao waliilima tumbaku ile bila kulipwa, kisha wakailima kwa kulipwa kidogo. Baadaye wakaja watu wa Honduras kwenye vitalu vya maua. Halafu tukaja sisi, Watanzania na Wakongo, tunaogesha wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee, tunapanga miche kwenye vitalu, na kuulizwa dukani tunatoka kisiwa gani cha Karibea.

Tulikutana kwenye mnada. Kaunti ilikuwa imeifunga shule ya msingi ya pale kijijini, wakisema watoto ni wachache na jengo ni ghali. Wakapiga mnada kila kilichomo. Nilinunua madawati arobaini na manane kwa dola mbili kila moja, nikajiona nimemwibia dalali. Kabla sijamaliza kuyapakia, akaja mama mmoja amevaa buti za bustani na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akalipindua dawati moja miguu juu.

"Habari za kazi, bwana," akasema. Kwa Kiswahili. Nilitazama nyuma yangu kuona nani kaongea.

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unayauza kiasi gani?"

Nikamwambia dola ishirini na tano kila moja. Hakushtuka wala hakucheka. Akanionyesha chini ya ubao wa lile dawati, mahali palipochongwa jina kwa ncha ya bikari. "Huyu nilimfundisha darasa la tatu. Nilimpa adhabu kwa kuchonga hapa. Sasa ni fundi wa lifti Washington." Akapindua la pili. "Huyu alifariki." Akapindua la tatu. "Nimefundisha ndani ya jengo lile miaka ishirini na mbili, na muda wote huo nimelipa kodi kaunti hii. Madawati haya nimeshayanunua, bwana. Unataka niyanunue tena, sawa. Tafadhali nipe bei ya mtu anayenunua kitu chake."

Mpaka leo sijui ilikuwaje. Nilimpa kwa dola tatu moja, na ndani ya bei hiyo nikakubali kuyabeba mpaka kwenye ukumbi wa kanisa, na kukaza skrubu zote. Kila dawati lina skrubu nne. Zidisha mwenyewe. Ukitoa mafuta ya gari na bisibisi mbili zilizovunjika, hasara ilikuwa dola kumi na saba na mgongo.

Ukumbi ule wa kanisa ndio uliokuwa shule yake mpya.

Nieleze hapa, maana watu wetu wengi wanasikia "chata" wanadhani ni shule ya matajiri. Ni shule ya mkataba. Fedha ni za serikali, mtoto halipi ada, lakini haiendeshwi na ofisi ya elimu. Inaendeshwa na kundi la watu waliotia saini mkataba na ofisi. Mkataba una masharti. Ukishindwa sharti, ofisi inachukua fedha zake na wewe unabaki na chaki. Na fedha zenyewe hutolewa kwa kichwa: mtoto mmoja, fungu moja. Mjini ukipungukiwa watoto kumi, unawatafuta mtaa wa pili. Kwetu mtaa wa pili ni ng'ombe. Na hao watoto kumi wakiondoka hawaondoki na sehemu yao ya baridi. Tanuri la kupasha joto linakula mafuta yaleyale, paa linavuja palepale, na dereva wa basi anazunguka kona zilezile. Kwenye karatasi za wakubwa hakuna mahali pa kuandika umbali. Mimi nimezisoma. Mara mbili.

Watu walipenda kumsifu kwa Kiswahili chake. Alikisoma chuoni akiwa msichana, kisha akaenda kufundisha Dodoma miaka miwili. Alirudi na mambo matatu: salamu, subira ya foleni, na tabia ya kusimama mlangoni asubuhi na kuwahesabu watoto kwa Kiswahili, akimgusa kila mmoja kichwani anapoingia. Moja, mbili, tatu. Mtoto wa Honduras, mtoto wa mkulima, mtoto wa Lubumbashi, wote waliguswa. Kuna vijana pale kijijini hawajui Tanzania iko upande gani wa dunia lakini watakuhesabia mpaka tisini na nne bila kukosea. Tisini na nne ndio waliokuwa wote. Zaidi ya hapo hawajui, hawakuwahi kuhitaji.

Neema aliona aibu kuguswa kichwa. Nikamwambia vumilia, akanijibu kwa Kiingereza kwamba yeye si tikiti maji. Nilimfikishia Mwalimu Mkuu malalamiko hayo. Akasema, "Mwambie tikiti maji huwa linapigwa. Mimi nagusa tu."

Mkali alikuwa, tena si ule ukali wa kupendeza ambao watu husimulia mtu akishastaafu. Alimfukuza mwalimu katikati ya wiki kwa sababu alimwita mtoto mjinga. Alinitoa mimi kwenye kikao cha wazazi kwa kuwa nilikuwa najibu simu ya mteja. Mpishi wa shule, mwanamke wa pale pale kijijini mwenye mikono kama makoleo, alikuwa anaficha chumvi akisikia buti zake. Lakini mpishi huyohuyo ndiye aliyenionyesha friji la pili, lililofungwa kwa komeo, ambamo Mwalimu Mkuu aliweka nyama aliyonunua kwa mshahara wake, ikawa inatoka Ijumaa kwenye mifuko isiyo na jina. Ukijaribu kumshukuru anakuuliza, "Kwa lipi?" na anakutazama mpaka wewe mwenyewe unasahau.

Basi hapa ndipo watu wanaomsimulia huishia. Mimi siishii hapa, kwa sababu picha hiyo ni nusu, na yeye hakupenda nusu.

Hesabu za nusu alizipiga vita kweli. Watoto wa chekechea waliokuja asubuhi tu, fungu lao lilikuwa nusu. Akaja afisa kukagua. Mwalimu Mkuu akamsimamisha mbele yake mtoto mmoja wa miaka minne, pua inamtoka, akasema, "Tafadhali, bwana, nionyeshe ni nusu ipi unayoilipia, ili ile nyingine nisiipe chakula." Afisa aliangalia viatu vyake. Fungu halikubadilika. Alikuwa hodari sana wa kushinda maneno, na fedha zikabaki kwa walioshindwa maneno. Niliwahi kumwambia hivyo. Akasema, "Najua, bwana. Ndiyo maana nimekuweka wewe karibu."

Nusu nyingine yake ni hii. Mwanamke huyu, kabla ya kufungua shule ya mkataba, alizipinga shule za mkataba kwa miaka. Alisimama kwenye mikutano, alibeba bango. Hoja yake ilikuwa rahisi: chungu ni kimoja, ukiongeza mnywaji bila kuongeza maji, kuna mtu atalamba mwiko. Halafu kaunti ikafunga shule yake, watoto wa miaka sita wakawa wanakaa ndani ya basi saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, naye akasaini mkataba ule ule aliokuwa akiubebea bango.

Na mwiko ukalambwa kweli. Maili tisa kutoka kwetu kulikuwa na shule nyingine ndogo ya kaunti. Watoto ishirini na kitu walitoka kule wakaja kwake, fungu lao likaja nao, na shule ile ikapunguza mwalimu wa muziki kutoka siku tano hadi mbili. Mwalimu huyo wa muziki alikuwa rafiki yake wa zamani. Walikuwa wakiimba kwaya moja. Akakata salamu. Wakikutana dukani anageuzia mkokoteni wake kwenye njia ya sabuni. Nilimwuliza Mwalimu Mkuu kama haimuumi. Akasema, "Ana haki. Nimemla siku tatu." Wiki iliyofuata akaandikisha watoto wawili wengine kutoka shule ileile.

Hilo lilinikera, na bado linanikera. Watu wawili waliofundisha maisha yao yote wanagombania mwiko, na aliyepunguza maji yuko ofisini amekunja miguu, anauita mchezo huo uhuru wa kuchagua.

Na sheria je? Alizivunja alipotaka. Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye bibi yake alihamia upande wa pili wa mto, kaunti nyingine. Kwa sheria alitakiwa kuondoka. Kwa miaka miwili Mwalimu Mkuu alimfuata mwenyewe na pikapu lake kila asubuhi, na kwenye fomu aliandika anuani ya kanisa. "Anaishi hapa," alisema. "Muulize Mungu." Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba alikuwa mtumwa wa karatasi. Nalisema hili mapema, kwa sababu ya yaliyotokea siku ya ukaguzi.

Mkataba wake ulikuwa umeingia mwaka wa kuangaliwa. Mwaka uliotangulia watoto walipungua, wakapewa sharti: wawe tisini au zaidi, wawe wamekaa darasani kwa macho ya wakaguzi, siku moja itakayotajwa. Hawahesabu madaftari, wanahesabu vichwa. Siku ikatajwa: Jumanne. Barua zikaenda kwa wazazi kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa upande wetu akaniita mimi. "Bwana, watu wako hawasomi barua, wanasikiliza simu. Wapigie. Jumanne, kila mtoto, hata mwenye mafua."

Niliwapigia. Familia zote saba. Niliwapigia mara mbili.

Ijumaa ile Papa Furaha, Mkongo aliyekuwa akifanya kazi kwenye vitalu, alianguka kati ya miche na hakuamka. Aliacha mke na watoto wawili, wote wako shuleni kwetu. Na wewe unajua msiba wetu ulivyo huku: mtu akifa, jumuiya inakuwa kamati. Kamati ikanipa mimi kazi ya kuongea na watu wa mazishi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo. Yule bwana wa mazishi akanitajia bei ya Jumamosi. Nikakohoa. Nikamwuliza ana siku gani ambayo magari yake yamekaa tu. Akasema Jumanne. Nikambana, akapunguza dola mia nane. Mia nane. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyerefuka.

Nikawapigia tena watu wote. Jumanne, Hyattsville, nyumbani kwa kaka wa marehemu, na watoto wote waje, Mama Furaha aone ana watu. Nilihesabu magari, nikahesabu viti ndani ya magari. Nilihesabu kilo za mchele, nikarudia. Nilihesabu sufuria. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, isipokuwa siku za wiki.

Na hakuna hata mmoja wa familia saba aliyeniambia, Baba Neema, si ulisema Jumanne shule? Baadaye nilimwuliza Mama Furaha mwenyewe. Akasema, "Papa Neema, nilikumbuka. Lakini kufa ni kufa. Nani anawacha mufu juu ya masomo ya siku moja?" Kwetu asiyekuja msibani ndiye anayeandikwa. Nani angefikiri kuna mahali ambapo anaandikwa aliyekuja?

Saa nane mchana hivi, tumesharudi makaburini, wanawake wamekaa chini kwenye mkeka sebuleni, mlango ukafunguliwa akaingia Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameendesha peke yake kutoka shamba. Buti akaziacha nje. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Furaha, akakaa chini, na miguu yake ile ya umri ule, akamshika mkono, akasema "Pole". Alikaa saa nzima. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akazunguka chumbani, na kila alipofika kwa mtoto wa shule yake akamgusa kichwani. Neema safari hii hakukwepa. Nilimwona Mwalimu Mkuu midomo inamcheza. Nikadhani anaombea. Wenzangu nao walidhani hivyo; mzee mmoja akasema, "Angalia mama wa watu anavyobariki."

Alikuwa anahesabu. Kumi na mmoja. Alikuwa anataka kujua walipo.

Akanipa rambirambi kwenye bahasha, akaniuliza kama wali umetosha, akaondoka. Yaliyotokea shuleni nilikuja kuyajua siku tatu baadaye, kwa mpishi. Wakaguzi walifika saa tatu asubuhi, wawili, na kibao cha kuandikia. Watoto tisini na wanne, kumi na mmoja hawapo. Themanini na watatu. Mpishi anasema alimvuta Mwalimu Mkuu jikoni akamwambia ng'ambo ya barabara kuna familia inayosomesha watoto wake nyumbani, wako sita, na yeye mwenyewe ana wajukuu wawili hapo nje kwenye gari. Wakaguzi hawajui sura. Wanane, dakika tano. Ukijumlisha ni tisini na mmoja.

Akakataa. Mwanamke aliyemfanya Mungu kuwa shahidi wa anuani. Mpishi anasema alimjibu, "Yule wa ng'ambo ya mto ni wangu. Hawa si wangu."

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mimi ningewaleta hata mbuzi, nikawavisha sweta. Nilikuwa na hasira na yeye, na hasira na yule bwana wa mazishi na magari yake ya Jumanne, nikazunguka kote huko na hasira yangu kama mtu anayetafuta maegesho, kwa kuwa mahali pake penyewe nilipajua na sikutaka kuegesha hapo.

Ofisi ikapokea maelezo yake. Watoto wawili wa marehemu walisamehewa. Fomu ina kisanduku cha kufiwa na mzazi. Themanini na watano. Wale tisa wengine hawakusamehewa, kwa sababu fomu haina kisanduku cha jirani.

Bodi ya elimu ya kaunti ilikutana Desemba kupiga kura juu ya mkataba. Kwenye vikao hivyo kila msemaji hupewa dakika mbili, na lazima awe amejiandikisha kabla. Mimi sikujiandikisha, nilidhani mdomo unatosha. Mwalimu Mkuu alipoitwa hakujitetea. Alifungua karatasi akaanza kusoma majina ya wale watoto tisa, na baada ya kila jina akasema mahali mtoto alipokuwa: alikuwa makaburini, anamzika jirani yake. Alisoma polepole. Watu wakaacha kukohoa. Alipofika jina la sita, kipaza sauti kikakatwa. Dakika mbili zimekwisha. Bwana mmoja mwenye tai ya buluu akasema asante, wanasikitika, lakini namba ni namba.

Aliyefuata kwenye orodha alikuwa mwalimu wa muziki. Alikuwa amejiandikisha kupinga, na kila mtu alijua. Alipita mbele, akanyoosha mkono bila kumtazama, Mwalimu Mkuu akampa ile karatasi. Akasoma majina matatu yaliyobaki, polepole vilevile. La mwisho lilikuwa la Neema, na alilitamka vizuri. Kisha akasema, "Bado naipinga shule hii," akakaa.

Walipiga kura kuifunga. Sita kwa mmoja. Hasira niliyokuwa nayo usiku ule ukumbini sijaimaliza, na sina mpango wa kuimaliza. Mtu yeyote asinifariji kwamba sheria ilifuatwa. Najua ilifuatwa. Niliiona ikifuatwa, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni kwa watoto.

Shule ilifungwa Januari, katikati ya mwaka. Fedha humfuata mtoto, wanasema. Mwaka ule watoto walihama na fedha zikapotea njia. Fungu lilikuwa limeshahesabiwa msimu wa vuli, na halihesabiwi tena mpaka vuli nyingine. Shule ile ya maili tisa ilipokea watoto wetu kwenye korido, wakaketi kwenye mabenchi yaliyotolewa chumba cha kulia. Neema alikuwa anaandikia magotini.

Na vitu vya ukumbini, kwa kuwa vilikuwa vya fedha za umma, vikapigwa mnada. Dalali yuleyule. Nikaenda. Safari hii nilikuwa na mpinzani: bwana mmoja aliyeligeuza ghala la tumbaku kuwa ukumbi wa harusi, anataka madawati ya kuwekea keki, eti yana sura ya zamani. Alinipandisha mpaka dola tisa moja. Sijawahi kununua kwa hasira kabla ya hapo. Ni ghali sana, siwashauri.

Niliyapanga dukani Hyattsville, mpaka dari. Mwishoni mwa Februari mlango ukagonga kengele yake, zikaingia buti.

"Habari za kazi, bwana."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unayauza kiasi gani?"

Alikuwa amepungua. Shati lilikuwa na pasi ileile, ila lilikuwa limebaki na nafasi ndani. Akanieleza kwamba sasa anajitolea kule shule ya maili tisa, anafundisha kusoma kwenye korido. Mwalimu wa muziki ndiye aliyemfungulia mlango. Hawajarudia kuongea sana, alisema, lakini mwenzake amemwachia ndoano yake ya kutundikia koti.

"Chukua bure," nikasema.

"Bure sichukui. Bei ni ileile. Dola tatu."

"Mwalimu, nimeyanunua tisa."

"Hukuniuliza."

Nikakaa juu ya kiti kimoja kibovu. Nikaona hapa ndipo pa kuegesha. Nikamwambia: Jumanne niliichagua mimi. Bwana wa mazishi alitaka Jumamosi, mimi ndiye niliyeikubali Jumanne, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilimwambia huku naangalia mizani ya zamani niliyokuwa nauza, kama vile ndiyo inayonihoji.

"Najua," akasema. "Mama Furaha aliniambia palepale kwenye mkeka, akikusifu. Ulipunguziwa kiasi gani?"

"Mia nane."

Akafikiri kidogo. "Ungeomba elfu moja."

Sikucheka, na yeye hakuwa anachekesha. Akatoa miwani, akaanza kuyahesabu madawati, akiyagusa. Alipomaliza akarudi mwanzo akahesabu tena. Huo ndio upendo pekee wa biashara niliowahi kuuona kwa mtu mwingine.

"Arobaini na saba. Yalikuwa arobaini na manane."

Nikaanza kuifuta vumbi ile mizani.

"Bwana."

"Moja liko nyumbani. Lile alilokuwa anakalia Neema. Nililiweka tu. Ukumbusho."

"Na Neema anaandikia wapi sasa hivi?"

Alisubiri jibu ambalo alikuwa nalo. Kisha akanilipa, noti juu ya noti, dola mia moja arobaini na moja, ya arobaini na saba. Lile moja, alisema, halilipii. Hilo nitalileta mwenyewe, pamoja na mengine, na ndani ya bei nitakaza skrubu.

Niliyapeleka Jumatatu, mapema, kabla ya mabasi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye korido na bisibisi mkononi, nimefika dawati la mwisho, la Neema, mabasi yalipoanza kushusha. Mwalimu Mkuu akaenda kusimama mlangoni. Watoto wa shule ile walipita pembeni yake wanamshangaa. Wetu wakajipanga wenyewe bila kuambiwa, vichwa vimeinama kidogo, tayari kuguswa. Moja. Mbili. Tatu. Wengine walikuwa wanahesabu naye. Neema alikuwa wa thelathini na tano, na alisimama kusubiri kuguswa.

Walipofika sitini na moja, mlango ukawa mtupu. Wale wengine wako wapi, sijui. Germantown, Virginia, wengine wamekaa nyumbani na televisheni, wengine kwa mashangazi. Hakuna fomu inayosema. Mkono wake ulibaki hewani, mahali kichwa cha sitini na mbili kingekuwa.

Nikadhani ataingia ndani. Akageuka, akapita kati ya madawati mpaka kwa mtoto wa kwanza, akaanza upya.